Macho Huchorwa Mwisho

Juba Na Bari,
9 Februari 2025

Kwako Dada Janepher, msomi wa ukoo,

Nakuandikia nikiamini umekula na umelala vizuri, maana mtu mwenye njaa hasomi barua yangu akacheka. Sisi huku tupo. Joto la mwezi huu limemfanya hata jogoo wa jirani awike akiwa amekaa. Mama anakusalimu, kanisa zima linakusalimu, na Lilly wa nyumba ya pili anauliza kama umeshaolewa na Mhindi. Nimemjibu kwamba Wahindi wenyewe bado wanakuogopa.

Kadi zako sita za picha zimefika kwa mkono wa Majok, yule wa duka la vipuri anayekwenda India kutibiwa figo. Mimi siamini posta, naamini wagonjwa. Juba haikosi mgonjwa anayepanda ndege kuja huko, kwa hiyo barua zetu hazitakwama.

Nimezitazama hizo kadi mpaka Mwangi akauliza kama nimepata mchumba. Mwangi ni yule Mkenya mwenye karakana ya mabango pale Custom, na mimi ndiye mkono wake wa kulia na wa kushoto pia. Kuanzia Custom hadi Buluk, kichwa chochote utakachokiona kwenye bango la kinyozi nimekinyoa mimi kwa brashi. Kwa hiyo nikisema neno kuhusu uchoraji usinikumbushe kwamba niliacha shule kidato cha pili kule Kitale. Kichwa ndicho kilichoacha. Mkono uliendelea.

Sasa niambie, hawa wanawake wa Bengali wamepatwa na nini? Mmoja amebeba mtungi na shingo imepinda kama mpira wa maji. Mwingine ameegemea mti, na mchoraji amechora mkono wake na tawi kwa mstari mmoja, hata ukiita hujui ataitika nani. Wa tatu anatazama wingu kana kwamba wingu lina deni lake. Wote macho yao marefu kama samaki, nusu yamefumba. Dada, wamelala hao. Na ile mitungi haina kitu ndani. Mimi nimebeba maji. Maji humbonyeza mtu ardhini. Hawa wanaelea.

Umesema nimchore Mama, uso kwa uso, kwa ajili ya picha yako ya mtihani. Umesema hutaki picha ya simu, unataka mstari wa mkono wa mtu anayemjua. Umepiga kwenye mfupa, maana simu yangu ni ya tochi tu. Basi nimemchora. Ameketi, amenipa mgongo. Mgongo wa Mama unajulikana kuliko nyuso za watu wengi, utautambua. Uso utafuata.

Ndugu yako mwenye mkono,
Lodu


Kolkata,
20 Machi 2025

Mdogo wangu Lodu,

Nimecheka peke yangu kwenye ngazi za bweni mpaka mpishi akaja kuangalia kama nalia. Mimi ni mzima. Nimezoea wali, nimezoea samaki wa mtoni wenye miiba elfu, sijazoea kuulizwa kama nchini kwetu kuna miti. Nisalimie Lilly, mwambie bado wananiogopa.

Mgongo nimeupokea na ni wa Mama kweli. Una mkono, sikatai. Lakini mgongo hautoshi.

Nikueleze picha yenyewe ilivyo. Ni Mama kwenye bustani yake pale ukingoni mwa mto, asubuhi, mikono ndani ya kudra, mboga yake ya majani, Nile nyuma yake. Naichora kwa namna ya zamani ya hapa: unapaka rangi ya maji, ikikauka unatumbukiza karatasi nzima ndani ya karai. Rangi iliyokubali inabaki, iliyokataa inaondoka na maji. Unapaka tena, unatumbukiza tena. Mimi nimefika mara ya sita. Mto umeshakubali. Kudra imekubali. Uso upo, ila macho nimeyaacha. Hapa wafinyanzi wa sanamu za sikukuu huweka macho siku ya mwisho kabisa, kazi yote ikiwa imekamilika, na mimi nimeamua kufanya hivyo. Nikikosea macho, nitakuwa nimechora mwanamke yeyote tu.

Unayosema kuhusu mitungi, Lodu, mwalimu wangu alitumia saa mbili kuyasema na hakuyasema vizuri kama wewe. Enzi za Mwingereza wachoraji wa hapa walimchora mwanamke wakimaanisha nchi: yeye ndiye mto, yeye ndiye shamba la mpunga. Ilikuwa heshima. Lakini aliyeketi kuchorwa hakuulizwa kama anataka kuwa mto. Kisha ikaja njaa kubwa, wakachora wanawake kwa wino mweusi, mifupa mitupu, hakuna mti wala maji. Njaa ikapita, na mitungi ikarudi.

Mimi nataka mwanamke mmoja mwenye jina, na mto ambao ni kweli anaufahamu. Ndiyo maana naomba macho yake. Nikimpigia kupitia simu ya Lilly yenye kioo, Mama anakataa nimwone. Anasema sauti inatosha. Na bustani inaendeleaje? Mtihani ni Agosti. Nakutegemea.

Dada yako,
Janepher


Juba Na Bari,
28 Aprili 2025

Dada Janepher, mwenye karai,

Habari za kutumbukiza? Huku mvua zimeanza, na Juba nzima imetumbukizwa bila mtihani. Mama anakusalimu. Kifua kilimbana kidogo kikaachia. Wanawake wa kanisa wanamwuliza kila Jumapili picha itafika lini. Amewatangazia, Dada. Miaka mitatu sasa anasema binti yake yuko ng'ambo anamchora yeye, si mtu mwingine, na itatundikwa ukutani watu waje kuiona. Mpaka mchungaji anajua.

Nimejaribu mtindo wenu. Mama Nyagai wa saluni alitaka bango jipya, nikamchorea mwanamke wa kadi ya pili, yule wa kuegemea mti, nywele zikateremka zikawa mizizi. Kazi safi sana. Wateja wakaanza kuuliza huyo mgonjwa ni nani. Mama Nyagai akanirudisha, akasema nimfumbue macho na nimtoe kwenye mti kwa sababu yeye hauzi kuni. Nimemfumbua. Sasa anafanana na mtu aliyekanyaga msumari, lakini saluni imejaa.

Uso wa Mama huu hapa. Nimeuchora kwa upande wa kulia. Mwangi ameutazama kitambo kizima akasema ungekaa vizuri kwenye noti. Upande mmoja wa uso unatosha mtu mwenye akili kujazia wa pili. Mungu mwenyewe alituumba kwa kukunja katikati.

Bustani umeuliza. Bustani ipo pale ilipokuwa. Mto nao haujahama.

Lodu, mkono wa Custom


Kolkata,
24 Mei 2025

Lodu,

Salamu kwenu wote. Niko salama, joto ni kali.

Nilikuomba uso, umenipa nusu. Nilikuuliza kuhusu bustani, umenijibu kama wakili. Mama ana kovu dogo kwenye nyusi ya kushoto alilopata Kitale, alipoanguka na debe. Wewe ulikuwa mgongoni mwake siku hiyo. Nalitaka lile kovu, na jicho lililo chini yake.

Kama mkono umeshindwa, sema, nimwombe mtu mwingine. Si aibu. Si kila mchora vinyozi anaweza uso wa mtu anayepumua.

Janepher


Juba Na Bari,
10 Juni 2025

Dada,

Salamu nyingi kuliko maneno yako. Sisi ni wazima, tunakula, tunasali.

Umenitukana mbele ya Majok, maana barua alifungua yeye nikiwa juu ya ngazi na mikono ina rangi, akanisomea kwa sauti, karakana nzima ikasikia. "Si kila mchora vinyozi." Mwangi amekuwa akiniita hivyo wiki hii yote.

Haya, pokea. Uso kamili, kutoka mbele, macho mawili, kovu juu ya la kushoto. Siku tatu nimeifanya. Kama hao walimu wako wana adabu, watauliza kijana huyu alisomea wapi. Waambie Custom, chini ya mabati, kwa Mkenya anayelipa akikumbuka.

Ninaomba usiulize zaidi. Paka, tumbukiza, faulu, urudi.

Lodu


Kolkata,
2 Julai 2025

Ndugu yangu Lodu,

Natumaini barua hii inawakuta wazima, na safari hii sisemi hivyo kwa mazoea.

Nilikuwa nimechanganya rangi. Nilikuwa nimeshika brashi. Nikaweka mchoro wako mezani, kando ya kadi zangu, maana nina seti ya pili kama ile niliyokutumia. Kovu ni la Mama. Pua ni ya Mama. Macho ni ya kadi ya nne, mwanamke wa kwenye ngazi za mto. Marefu kama samaki, bila kope za chini, mboni imegusa kope la juu. Umeyanakili vizuri, hata mkunjo umeuweka.

Wewe ndiye uliyeniambia wamelala.

Mtu aliyezaliwa na mama huyo, anayekula naye kila siku, kwa nini aende kuazima macho Bengali? Sikuulizi kama mchoraji. Naomba unijibu kabla sijapanda ndege ambayo sina nauli yake.

Dada yako


Juba Na Bari,
21 Julai 2025

Dada Janepher,

Sina salamu za kupamba. Mama yu hai, anza na hilo.

Bustani hakuna. Mwaka jana mwezi wa tano alikuja mtu mkubwa na askari na mabati, akazungushia ukingo wote pale, kudra zikiwa bado ndani. Mama aliomba avune kwanza. Walimwambia avune kwa macho. Wanawake kumi na mmoja walipoteza vipande vyao siku hiyo. Baada ya mwezi Mama akaenda Jebel, kule mlimani, na wenzake kuponda mawe ya kokoto. Anakaa chini ya turubai, jiwe kubwa katikati ya miguu, nyundo mkononi, anaponda hadi lundo linatosha, malori ya wajenzi yaje kuchukua. Ninamwambia aache, mimi nachora, tutakula. Anasema hajazoea kukaa.

Mwezi wa kumi na mbili kipande kiliruka. Jicho la kushoto. Tulikwenda hospitali, wakasafisha, wakafunga, wakafungua, wakasema pole. Sasa lipo lakini limekuwa jeupe kama maziwa, halioni hata jua. Ndiyo sababu ya mgongo. Ndiyo sababu ya upande wa kulia. Ndiyo sababu anakataa kioo cha simu ya Lilly.

Yeye ndiye aliyekataza. Siku tuliyotoka hospitali, juu ya boda, alinishika shati akasema, "Janepher asijue. Akijua ataniona hivi maisha yake yote." Niliapa. Mimi ni mwongo wa Custom, nawadanganya wateja kila siku kwamba rangi itakauka jioni, lakini kwa Mama sikuwahi kuvunja neno. Leo nimevunja kwa sababu ulinitukana na kwa sababu nimechoka kuchora mgongo.

Mchoro wa kweli huu hapa. Nilimchora akiwa usingizini mchana, na jicho lile halifungi sawasawa. Utende utakavyo. Nakuomba moja tu: asijue kwamba unajua.

Lodu


Kolkata,
30 Agosti 2025

Lodu, ndugu yangu,

Nakusalimu kwa upendo wote nilio nao, na samahani kwa kile nilichoandika Mei.

Nilipomaliza kusoma barua yako niliitumbukiza ile karatasi kwenye karai na kuiacha humo usiku kucha. Asubuhi bustani ilikuwa imepungua lakini haikutoka. Mto haukutoka kabisa. Basi nikachukua rangi nzito na kupaka juu yake. Nimepaka mabati mahali pa mto. Nimepaka mawe mahali pa kudra. Nyundo mkononi. Na macho nimeyaweka yote mawili, la kulia linalokutazama na la kushoto lililo jeupe. Jeupe nimelipaka mwisho.

Walimu walioisahihisha walikuwa wanne. Mmoja, mzee, alisema nimeharibu karatasi nzuri iliyokuwa na ukungu wa kupendeza. Watatu wengine walisimama. Imepewa nafasi ya kwanza, Lodu. Imetundikwa katika ukumbi wa maonyesho, ukuta wa mbele, na watu wanasimama hapo. Jana nimemwona mwanamke mzima akifuta machozi. Gazeti moja la hapa limeichapa, na wameandika jina la Mama kamili.

Najua ulichoniomba. Nimekifikiria siku nyingi. Lakini wanawake wamechorwa na mitungi mitupu miaka mia, na mimi sitaki kuongeza wa mia na moja. Mama ameficha kwa sababu anadhani ni aibu. Si aibu yake, ni ya mwenye mabati. Nataka ajue kwamba nimemwona alivyo na nimejivunia. Natuma nakala iliyochapwa kwenye kitambaa, ukubwa uleule. Muonyeshe. Usimfiche tena.

Dada yako mwenye kukupenda,
Janepher


Juba Na Bari,
12 Oktoba 2025

Dada Janepher,

Pongezi kwa nafasi ya kwanza. Nimewaambia wote Custom. Mwangi amesema anajua sasa nani alipewa akili na nani alipewa mdomo.

Majok alifika na nakala wiki iliyopita. Nilikaa nayo siku mbili. Nilifikiri niseme haikufika. Halafu nikasema wewe umesoma, mimi sijasoma, labda unajua. Nikaikunjua kitandani, nikamwita Mama, akaja akiwa bado na vumbi la Jebel mikononi.

Aliitazama. Aligeuza kichwa, unajua, ili jicho zima likae katikati. Hakugusa. Akauliza ni watu wangapi wameiona. Nikasema wengi, iko ukutani. Akauliza kama jina lake limeandikwa. Nikasema ndiyo, na gazetini. Akauliza nani alimwambia Janepher. Nikasema mimi. Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

Akaketi pembeni ya picha, akauliza kama ilikuwapo nyingine kabla ya hii. Nikamweleza kama ulivyonieleza: asubuhi, mto nyuma, mikono ndani ya kudra. Akauliza kwa nini uliifunika. Nikasema kwa sababu haikuwa kweli.

Haya ni maneno yake, nayaandika yalivyotoka. Alisema, "Mawe nayaona kila siku, sihitaji kuletewa kutoka India. Nilitaka pawe na mahali pamoja duniani ambapo bado nimekaa kwenye mto wangu na hakuna anayenifukuza. Mtoto wangu mwenyewe ndiye aliyenifukuza."

Nilijaribu kukutetea, Dada. Nilimwambia yale ya mitungi na wachoraji wa kiume na njaa. Alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu, kama anavyomsikiliza mchungaji. Kisha akasema wale wanawake wa kwenye kadi zangu huwa anawatazama nikiwa kazini, huwaweka mbele yake anapokula, na hajaona kosa lao. Wanapumzika, alisema. Mimi naona wamelala, yeye anaona wanapumzika.

Akaigeuza kwa mikono miwili, akakagua kitambaa kwa vidole, akasema upande wa nyuma ni safi, nichukue nikachoree bango. Sijachora. Iko kwa Mwangi, juu ya rafu, nimeiviringisha ndani ya gazeti.

Leo baada ya ibada walikuja wanawake wa kanisa, wanane, na Lilly mbele yao, maana habari ya Majok kurudi ilikuwa imeshazagaa. Mama alikuwa ameshatandika mkeka. Aliwapa chai. Walipouliza, akawaambia ilikuwa nzuri sana ila imelowa ndani ya ndege, rangi zote zimechanganyika, haikubaki hata sura. Wakasikitika kweli. Wakampa pole mmoja mmoja, wakimshika mkono. Mmoja akamwuliza ilikuwaje hiyo picha kabla haijalowa, na Mama akaanza kuwasimulia mto.

Wakanigeukia mimi, kijana wa rangi, nithibitishe. Nikasema ndiyo, imelowa yote.

Ukipiga simu, usiulize.

Lodu